Akiba Namba Moja

6 Machi, Alhamisi

Leo wamechezesha kura. Tuliangalia zamu nzima kwenye televisheni ya kantini, mashine nimezizima mimi mwenyewe. Tangi la kioo linazunguka, vimpira vinarukaruka ndani, mwanamke aliyevaa suti anachomoa kimoja kimoja na kusoma namba kwa sauti ya kusinzia. Nafasi arobaini za ukaazi wa kudumu, kwa wageni wote wa kazi za usafi na ufuaji. Kisha namba kumi za akiba.

Namba ya thelathini na moja ilikuwa ya wifi yangu.

Hapa dobini wanamwita Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila analoombwa. Alikuwa anabandua rangi ya kucha. Akainua uso, akasema, "Hee! Hiyo si yangu?"

Yake, ndiyo. Fomu nilimjazia mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu kalamu yake ilikuwa imepotea na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ana mwaka mmoja na miezi minane katika nchi hii. Nilimleta mimi, kwa kuwa marehemu mume wangu aliniomba nisimtupe mdogo wake. Kibali nilimtafutia mimi, kazi nilimtafutia mimi, godoro analolalia nililibeba kichwani mimi.

Mimi nina miaka kumi na mmoja hapa. Hii ni kura yangu ya tisa.

Na namba yangu ilitoka. Akiba, ya kwanza. Mmoja wa wale arobaini akidondoka kabla ya mwisho wa Mei, naingia mimi. Asipodondoka mtu, nabaki na mikono mitupu. Nao mwaka huu si kama ile mingine. Binti yangu anatimiza miaka kumi na minane tarehe mbili Juni, na akishatimiza haingii tena kwenye fomu ya mama. Atarudishwa nchi aliyoiacha akiwa na miaka sita, ambako hatuna hata mlango wa kubisha hodi.

Wote walimkumbatia Kesho. Nami nilimkumbatia. Nilimbana mpaka akasema, "Wifi, mbavu!"

7 Machi

Mvua imeanza. Mashuka hayakauki.

9 Machi, Jumapili

Nimemuuliza binti yangu kama ile kura ni haki. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya shule.

"Kila mtu ana mpira mmoja, mama. Haki gani zaidi ya hiyo?"

"Miaka kumi na mmoja na mwaka mmoja, mpira mmoja mmoja?"

"Ungetoka wewe ungeuliza?"

Nikamwambia apige pasi akimaliza azime umeme. Kwa kweli nisingeuliza. Lakini sikutoka mimi.

10 Machi, Jumatatu

Fundi Pasi, mzee wetu wa roli, ile mashine ya kupigia pasi mashuka, amenikoroga roho asubuhi na mapema. Anasema zamani walikuwa wanachagua kwa usaili. "Walipita akina nani? Wenye wajomba ofisini. Tangi halina mjomba, mama. Tangi halijui hata sura yako."

Hilo ndilo linalonichoma. Lingekuwa na mjomba ningemjua wa kumchukia. Wangeniibia ningepiga kelele mpaka barabarani. Nimeitafuta ile kura dosari siku nne, nimeona mpaka marudio yake, na sikupata kitu. Ni safi. Umekaa miaka kumi na mmoja unafua damu za watu, halafu unanyimwa na kitu ambacho hakina hata jicho la kutazamana nalo.

Basi nitamchukia yule niliye naye karibu.

Sharti la mshindi ni hili: abaki kwenye kazi ileile mpaka tarehe ishirini na tatu Mei bila kukatiza hata siku, na msimamizi wake aandike barua ya kuthibitisha. Msimamizi wake ni mimi. Akichoka mwenyewe akaacha, nafasi yake inakuja kwangu, na hakuna atakayesema nimemfukuza.

Sasa, sisi tuna kura yetu. Niliianzisha miaka sita iliyopita, maana watu walikuwa wanagombania kukwepa chumba cha nguo chafu. Huko ndiko mashuka ya hospitali yanakofunguliwa na kuchambuliwa kabla ya kuingia mashineni: damu, matapishi, na mengine ambayo siyaandiki. Wafanyakazi kumi, vifungo kumi ndani ya foronya, tisa vyeupe na kimoja cheusi. Kila Jumatatu kila mtu anachota chake, ngumi imefumbwa, tunafumbua kwa pamoja. Mwenye cheusi anaingia kule wiki nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyegombana. Nilikuwa najivunia sana.

Foronya huwa naishika mimi. Anayechelewa huchota mwisho, na Kesho huchelewa kila Jumatatu. Leo nilikibana kile cheusi kwa nje, kwenye pembe ya chini, kati ya vidole viwili, mpaka walipokwisha tisa. Kisha nikakiachia.

Walifumbua ngumi. Kesho akacheka. "Aa, leo zamu yangu kweli!"

Atanitambua.

17 Machi

Cheusi kwa Kesho. Hakucheka sana.

20 Machi

Mvua siku ya sita. Mashine ya kukaushia namba tatu imekufa.

24 Machi

Cha tatu mfululizo. Mwanamke mmoja wa zamu yetu akamwambia, "Dada, una mkosi wewe, kaoge." Kesho alinitazama kidogo, akachukua glavu, akaenda. Jioni hakula. Alisema harufu inakaa puani. Nikamwekea chakula mbele na kumwambia ajikaze kisabuni. Nilifurahi, siwezi kudanganya humu.

Kura ya serikali haina macho, ndiyo maana ilikosea. Kura yangu ina macho.

31 Machi

Amenishika pabaya. Amefika wa kwanza! Kesho, ambaye tangu aje sijawahi kumwona amefika kabla ya kengele, alikuwa amekaa mlangoni na mwavuli wake. Angechota wa kwanza na kidole changu kingekuwa bure.

Sijui akili ilitoka wapi. Nikatangaza utaratibu mpya: wachote wakubwa kwanza, kwa heshima, wadogo wafuate. Fundi Pasi akafurahi, akasema ndivyo inavyotakiwa, vijana wa siku hizi wanapita mbele ya wazee kama hawawaoni. Wote wakaitikia. Mdogo kuliko wote ni Kesho.

Cha nne.

3 Aprili

Bado hajaacha.

7 Aprili

Cha tano. Bado hajaacha.

12 Aprili, Jumamosi

Nimerudi kutoka sokoni nikawakuta jikoni. Binti yangu amemshika shangazi yake mikono, anampaka mafuta kidole kwa kidole. Ngozi inabanduka kwa ile dawa ya madoa, kati ya vidole pamekuwa pekundu. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini na nilipoingia wakanyamaza.

"Mama," binti yangu akasema, "kwa nini shangazi kila wiki?"

"Kaulize vifungo."

"Si wewe unayeshika foronya?"

"Nashika, sichoti."

Kesho akavuta mikono yake taratibu. "Achana na hayo, mwanangu. Mama yako kachoka."

Sikupenda alivyosema. Mimi sikutaka mtetezi. Isitoshe kabadilika, na sikutarajia abadilike. Anaamka kabla yangu. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Wiki hii sijamsikia akisema "kesho" hata mara moja, na ile kucheka kwake kwa hovyo kumekwisha. Niliyekuwa namchukia alikuwa mvivu. Huyu sasa inabidi nimchukie upya, na inachosha.

14 Aprili

Cha sita. Fundi Pasi alinifuata ghalani.

"Nimekaa nikapiga hesabu," akasema. "Mara sita, mtu mmoja kati ya kumi."

"Wewe si ndiye uliyeniambia kura haina mjomba?"

"Ile ya tangi, nilisema."

Akanitazama, nikamtazama. Nikamkumbusha kwamba wiki sita hizi naye hajatia mguu kule ndani, na magoti yake yamepata nafuu. Akarudi kwenye roli lake. Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna anayeuliza. Mmoja anaumia, tisa wanapumua. Nani kati ya tisa atanyoosha mkono?

21 Aprili

Cha saba.

23 Aprili

Paa linavuja juu ya meza ya kukunjia. Tumeweka ndoo.

28 Aprili

Cha nane. Nimebakiwa na wiki nne. Nilidhani angekuwa ameshaacha tangu cha tatu.

29 Aprili, Jumanne

Saa tano asubuhi nilisikia ukelele kutoka chumba cha nguo chafu. Si ukelele mkubwa. Nilipofika alikuwa amesimama, glavu imetobolewa, sindano bado inaning'inia kwenye kiganja. Kuna mtu hospitalini aliiacha ndani ya shuka. Kesho alikuwa anaitazama tu.

"Wifi," akasema, "itoe. Mimi siwezi."

Nikaitoa. Nikamweka mkono chini ya bomba, maji yakakimbia, na mimi namshika kiganja kile kilichobanduka chote, na mwili wangu mzima unatetemeka kuliko wake. Nilimwona mume wangu kwenye paji la uso wake. Nilimwona siku ile aliponiomba. Nikasema moyoni: basi, imetosha, nimeshalipiza, nimelipiza na chenji imebaki.

Wakampeleka kliniki. Wamempa dawa za kumeza na siku tatu za kupumzika. Majibu ya damu mpaka wiki mbili zipite.

Ilipofika saa kumi akanipigia. Siku za ugonjwa zinahesabika kuwa kazini iwapo tu msimamizi atasaini karatasi ya ruhusa ndani ya saa arobaini na nane. Yeye anajua, nami najua.

"Wifi, umenisainia?"

Karatasi ilikuwa mezani kwangu. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikasema, "Kesho."

Akacheka kidogo kwenye simu. Alidhani namtania.

30 Aprili

Sijasaini.

1 Mei

Saa arobaini na nane zimekwisha saa tano asubuhi hii. Nilikuwa nimekaa mezani na karatasi iko mbele yangu. Juzi nilitetemeka, leo sikutetemeka. Nilimfikiria binti yangu amebeba begi kwenye foleni ya kurudishwa, na kalamu ikaniwia nzito. Siku tatu zimekatika. Hakuna niliyemdanganya. Hakuna nilichoandika.

5 Mei, Jumatatu

Amerudi, mkono umefungwa bandeji. Leo sikubana kitu. Naapa. Nilishika foronya kwa juu, kwa mikono miwili, kila mtu anaona. Nilikuwa sina haja tena ya cheusi, ile karatasi imeshamaliza kazi, na nilitaka wiki moja nisimwone akiingia mlango ule.

Wakachota. Wakafumbua ngumi.

Cheusi kwa Kesho!

Watu waliguna. Fundi Pasi alitema mate nje ya dirisha. Kesho alinitazama usoni muda mrefu, halafu akainama kuchukua glavu. Nilitaka kupiga kelele kwamba leo sikuiba, leo ni bahati yenyewe. Nani angeniamini? Nilimbadilisha mchana, nikamwambia akunje taulo kwa ajili ya mkono wake. Kule ndani nimeingia mwenyewe. Harufu inakaa puani kweli.

12 Mei

Cheusi kwa yule mwanamke wa zamu yetu. Kaingia kule ananung'unika kama kaonewa.

14 Mei

Majibu ya Kesho yametoka. Safi. Binti yangu alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

18 Mei, Jumapili

Mvua imepungua. Nilikuwa naanika nguo zetu kwenye ngazi, Kesho akaja na kiti, akaketi.

"Wifi, barua unaandika lini?"

"Alhamisi."

"Zile siku tatu ulizisaini?"

"Usijali."

Halafu akasema, bila ukali wowote, "Najua ulivyokuwa unafanya. Tangu wiki ya tatu. Nilikiona kidole chako kwenye pembe ya foronya."

Kibanio cha nguo kilinidondoka. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Umekaa miaka kumi na mmoja, nikatoka mimi. Hata mimi nilijiona mwizi, na sikuiba. Nikasema, wifi ana haki ya kukasirika, acha amalizie hasira zake kwangu. Akizimaliza ataandika barua. Nikipata karatasi nitapanga nyumba kubwa, mwanetu akija kunitembelea nitamwombea hata nafasi ya masomo. Ndivyo nilivyojipigia hesabu. Hata ile Jumatatu baada ya sindano, ulipokibana tena, nikasema sawa, labda ndiyo ya mwisho."

"Ile sikubana!"

"Sawa, wifi," akasema. Hakuniamini, na alinisamehe hapohapo, nikimwona.

Nilitegemea machozi yanitoke. Hayakutoka. Damu ilinichemka. Wiki tisa nilidhani namkomesha, kumbe ananivumilia! Kumbe kila Jumatatu alikuwa ananichukulia kama mgonjwa, anasubiri homa ishuke. Nani alimpa huruma ya kunihurumia mimi? Kashinda tangi, sasa anataka kunishinda na wema.

22 Mei, Alhamisi

Nimeandika barua. Sikutia chumvi. Nimeandika kwamba ni mfanyakazi hodari, anafika mapema, ana heshima kwa wakubwa. Kisha nikaandika kwamba tarehe thelathini Aprili, tarehe moja na tarehe mbili Mei hakuwepo kazini, na hakuna ruhusa iliyosainiwa. Nikapiga muhuri. Kila neno ni la kweli.

Fundi Pasi aliisoma kabla sijaifunga, kwa kuwa anapenda kusoma vya watu. Akaivua miwani. "Mama, tangi lile ni bora kuliko wewe," akasema. "Lile angalau halikumjua."

Nikamwambia akapige pasi mashuka.

26 Mei

Kesho amepokea jibu. Nafasi imefutwa, na aliyefutiwa haongezewi kibali. Mwisho wa Juni anaondoka. Alisoma amesimama, akaikunja karatasi, akaingia chumbani kwake. Hakunitukana. Ningempa chochote anitukane.

27 Mei

Wameniita. Akiba namba moja. Nimesubiri barua ile miaka tisa na niliisoma kwenye ngazi kama tangazo la maji kukatika. Fomu zirudi Ijumaa. Mtoto aliyepita miaka kumi na sita anasaini mwenyewe.

29 Mei, Alhamisi

Nilimwekea binti yangu fomu mezani, na kalamu juu yake. Nilikuwa nimeshajaza kila kitu. Ilibaki sahihi yake.

Aliisoma yote, hata maandishi madogo. Kisha akaisukuma kwangu.

"Sisaini, mama."

Nikamuuliza kama ana wazimu. Nikamwambia ana siku nne tu, na Jumatatu mlango unafungwa. Nikamwambia kila nilichofanya nimekifanya kwa ajili yake.

"Shangazi aliniambia habari za foronya tangu mwezi wa nne," akasema. "Siku ile ya mafuta. Alinikataza nisikuulize tena. Alisema mama yako atapoa, utaona, ataandika barua nzuri. Nikawa nangoja nione." Sauti yake ilikuwa ndogo na haikutetemeka. "Kila siku nilikuwa nangoja, mama. Mpaka Alhamisi ile ya barua."

"Utarudi wapi? Humjui mtu kule!"

"Nitakuwa na shangazi."

"Shangazi yako hajui hata kufunga begi lake mwenyewe!"

"Siku hizi anajua."

Nilipiga meza, kalamu ikaanguka. Nilimlaumu tangi, nilimlaumu baba yake kwa kufa, nilimlaumu Kesho kwa kumtia sumu mtoto. Aliniacha nikamaliza. Niligeuka huku na huku nikitafuta wa kumlipiza hili, na chumbani tulikuwa wawili tu.

Akaokota kalamu, akaiweka mezani, akaenda kumsaidia shangazi yake kupanga nguo.

30 Mei, Ijumaa

Jua limetoka. Foleni haikuwa ndefu. Karani alikuwa kijana mpole, ananiita mama. Aliipitia fomu ukurasa kwa ukurasa, akinipongeza kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Akafika ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeufuta kwa uangalifu usiku, jina lote la binti yangu na tarehe yake ya kuzaliwa, nikaacha mstari mtupu.

"Hapa kwenye watoto umeacha wazi, mama," akasema. "Fomu haipokelewi ikiwa na nafasi wazi. Kama yupo, andika jina. Kama hayupo, andika hayupo."

Akanipa kalamu yake. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri.

Nikaandika: hayupo.